Chumba Alichokipamba Mama Huko Nyamityobora

Harufu ya udongo mweupe uliochanganywa na majivu naikimbia mpaka leo, kwa sababu asubuhi ile mama alikuwa nao hadi kwenye viwiko. Alikuwa anamalizia kupaka upya pembe ya mwisho ya ukuta pale Kamugisha, mwenye nyumba, alipoingia bila hodi, akakunja godoro letu na kulitupa uani. Mdogo wangu Furaha, mtoto wa miaka minne mwenye kifua kibovu, alikuwa ameketi juu ya sufuria iliyofudikizwa, anakohoa. Mama alidhani ni mzaha. "Papa, unatutosha nje namna gani? Hii nyumba nimeipakaa na mikono yangu!" Kamugisha akacheka. "Nani alikutuma kupaka? Nyumba ni yangu, ukuta ni yangu. Toa vitu yako haraka, mwalimu mwenye anahamia humu iko njiani."

Tulikuwa tumekimbia Kivu ya Kusini wakati wa vita vya tisini na sita, tukapewa kiwanja katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tukaishi chini ya turubai. Mvua ikinyesha, maji yalipita chini ya mkeka. Moto ukiwashwa, moshi ulikosa pa kutokea. Humo ndimo kifua cha Furaha kilipoharibikia. Mganga wa zahanati alimwambia mama wazi kabisa: mtoto huyu anataka fasi kavu, mahali pasipopenya maji, la sivyo masika yajayo hayavuki. Mama akauza kitenge chake cha harusi, tukapanda lori la ndizi za matoke hadi mjini Mbarara, akaanza kuwafulia watu nguo, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Nyamityobora.

Chumba chenyewe kilikuwa aibu. Ukuta umechunika, upepo unapenya kwenye nyufa, masizi ya wapangaji waliotutangulia yamegandia kila mahali. Hela ya rangi haikuwepo. Mama aliziba nyufa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, kisha akapaka udongo mweupe ambao wanawake wenzake walimletea kutoka Nakivale katika magunia ya mahindi. Magunia nayo hakuyatupa. Aliyafua, akayafumua kingo, akashona pazia. Juu, chini ya bati, alitandaza magazeti aliyoyagandisha kwa uji wa muhogo, ili vumbi lisimwangukie Furaha. Makopo ya mafuta ya msaada akayatoboa, akapanda maua. Mimi nilivunja betri kuukuu za redio, nikasaga ule unga mweusi wa ndani, naye akachora nao kwa vidole kuzunguka mlango, mistari ya kupinda kama ya mkeka, jinsi wanavyochora kwao milimani. Haukupita mwezi, Furaha akaanza kulala amejinyoosha. Kabla ya hapo alikuwa analala ameketi.

Kosa la mama ni moja tu. Kwao, mwanamke akishaikandika nyumba kwa viganja vyake, hakuna wa kumtoa humo, hata mama mkwe. Akaamini na Uganda ni hivyo hivyo. Majirani walimtania, "Mama Furaha, unampamba bibi harusi wa mwenzio!" Naye akawajibu, "Muache wivu, mwenye nyumba naye ana macho, ataona." Na kweli aliona. Akaanza kuleta watu wakitazame chumba, na mama, masikini, anawafutia kiti na kuwapa chai. Aliyekipenda kuliko wote ni mwalimu mmoja, Bonifasi. Siku ile tuliyofukuzwa alifika tukiwa bado tunafunga mizigo. Akampita Furaha pale kwenye sufuria, akagusa ukuta kwa ncha ya kidole, akauliza, "Hapa kumekauka?"

Tulirudi Nakivale, chini ya turubai, masika ndiyo yanaanza. Furaha hakuyamaliza. Tulimzika kwenye mteremko wa upande wa Ngarama.

Leo na mimi napanga chumba hapa hapa Mbarara. Wasichana wa vyumba vya jirani huniuliza wapambeje bila gharama kubwa, nami nawaambia: pambeni kwa vitu mnavyoweza kuondoka navyo, pazia, kikapu, kitambaa cha meza, ukuta wa mtu msiuguse. Wao wana mikataba iliyoandikwa, na mwenye nyumba akitaka chumba chake anawapa taarifa mapema. Mama alikuwa na viganja tu. Changu mimi sijakipigilia hata msumari.

Kamugisha, uko hai, nakuona sokoni na fimbo yako. Bonifasi, umestaafu, watu wanakuamkia njiani. Wewe Kamugisha ulikaa chumba cha pili kutoka chetu. Kile kikohozi ulikisikia kila siku. Sitaki chumba, na pole zenu bakini nazo. Nataka mje mnijibu mbele ya watu: mlipomwona mtoto yule ameketi pale, mlidhani anakwenda kulala wapi?