Panya wa Kabati la Chipsi na Kitambaa cha Buluu

Nilifunga fungu la mirungi kwa kitambaa cha buluu cha kaka yangu, nikalisukumia kwenye friji la mama, chini kabisa, nyuma ya barafu za ubuyu, halafu nikaenda zangu shule napiga mluzi. Huo ndio ujinga wenyewe. Nimeuweka hapa mwanzo usije ukasoma nusu nzima ukinionea huruma.

Friji lile lina sheria nyingi kuliko shule yetu. Tunapanga nyumba ya vyumba sita huku mtaa wa Gerezani, nyuma ya maduka ya spea, na friji ni moja tu, la mama, limesimama kwenye korido kama mlinzi wa benki. Mpangaji yeyote anaruhusiwa kuweka kitu chake, ila lazima akifunge kitambaa cha rangi yake. Chumba cha kwanza kijani, cha pili njano. Yule mama wa chumba cha tatu, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa breki, zambarau. Vitambaa anavikata mama mwenyewe na kuvigawa kama kitambulisho cha taifa. Kitu chenye rangi ya mtu hakiguswi na mwingine, hata kikioza kikaota nywele.

Isipokuwa vya kwangu. Mimi ni mwekundu, na kila chekundu mama anakifungua, anakinusa, anakitikisa. Sababu ni kaa mmoja niliyetoka naye soko la samaki la Feri akiwa mzima, nikamweka humo apoe. Mama alipofungua mlango alikuta anatembea juu ya siagi.

Kaka alipewa buluu siku aliyorudi. Alikuwa utingo wa malori ya mikoani, akaanza kutafuna mirungi ili asisinzie njiani. Baadaye lori likawa limepaki na yeye bado anatafuna. Anakaa siku tatu hajalala, macho kama taa za pikipiki, anagombana na ukuta. Akauza TV. Akauza pasi. Akauza mtungi wa gesi na maharage yakiwa bado jikoni hayajaiva. Mama akampakia kwenye basi mpaka Lindi kwa mama mkubwa, akakaa miezi minne. Aliporudi, mnene kidogo, mpole kidogo, mama alimkabidhi kile kitambaa mbele ya wapangaji wote.

"Nakupa rangi. Ukiichafua, huna nyumba. Mara ya pili haipo."

Kaka akakitundika kwenye mkono wa friji. Kilikaa pale wiki tatu kikining'inia, kwa sababu hakuwa na kitu cha kuweka. Alikuwa anaosha injini kwa fundi mmoja na anakunywa maji tu.

Sisi wawili hatupatani, niseme ukweli. Ile TV ndiyo niliyokuwa naangalizia mpira. Aliporudi nilimpokea kwa jina la Mheshimiwa Majani. Yeye ananiita mdudu. Asubuhi tulikuwa tunasalimiana kwa kusonyana, na anayesonya kwa muda mrefu zaidi ndiye mshindi.

Sasa, shuleni. Mwalimu wetu wa baiolojia alitangaza maonyesho ya sayansi, na kundi letu likapewa ulevi. Mimi nikasema hilo somo nina mtaalamu nyumbani, darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alichora ubongo wa panya ubaoni, ukatoka kama kiazi, akaanza kueleza.

Alisema vitu vya kuchangamsha vikiingia mwilini mara kwa mara, ndani ya ubongo kuna protini zinazobadilika. Nyingine zinaongezeka, zinarundikana sehemu ile inayomwambia mnyama "hiki kitamu, kirudie". Kitu chenyewe kinatoka mwilini haraka. Protini inabaki siku nyingi baada ya hapo. Mimi protini niliyokuwa naijua ni maharage na mayai. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo ni kama mpangaji aliyeambiwa ahame akagoma?"

"Kwa mara ya kwanza umesema kitu cha maana," akasema. "Kaa chini kabla hujakiharibu."

Akaendelea kwamba wataalamu wanaweza kuzalisha panya wasio na protini fulani, wakaona ulevi unamshikaje huyu na unamshikaje yule. Sisi hatuna maabara hiyo. Sisi tutengeneze sanduku la vyumba viwili. Chumba kimoja panya apewe kahawa kidogo kwenye maji, kingine apewe maji matupu. Baada ya siku kadhaa mnaondoa vyote, mnafungua mlango wa katikati, mnaangalia atakwenda kukaa wapi.

Panya niliwapata Kariakoo, mtaa wa nafaka. Mwenye duka alinipa mtego wake wa waya pamoja na panya wawili ndani na kunishukuru kama nimemtolea majini. Sanduku lilikuwa kabati la kioo la muuza chipsi, limepasuka upande mmoja. Pale walipokuwa wanalala kuku wa kukaanga wakalala panya wangu, na bado lilikuwa linanukia mafuta. Kila kitu kilikuwa sawa.

Ila kahawa! Kahawa ni ya wazee wa kwenye kibaraza. Nani atasimama kwenye maonyesho kutazama panya anakunywa kahawa? Mimi nilitaka watu wajae. Nikaenda nyuma ya magereji, kwa jamaa muuza mirungi ninayemjua kwa sura kwa sababu zamani nilitumwa kumtafuta kaka pale.

"Niaje dogo. Ya bro?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mwambie tumemmisi," akasema, akanipa fungu limeviringwa kwenye jani la mgomba.

Mirungi ikinyauka haina kazi, na shuleni mabegi yanakaguliwa. Kwa hiyo likae kwenye friji, na mimi kila asubuhi nichomoe vijani viwili nivifiche kwenye soksi. Nikifunga kwa chekundu, mama atafungua. Buluu kinaning'inia tu, hakina kazi. Nikakichukua. Naapa sikuwaza zaidi ya hapo. Kuwaza ndiyo kitu nilichokuwa sijafanya kabisa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi narudi shule, umeme umekatika tangu asubuhi, na mama ameshusha kila kitu kutoka kwenye friji, amekipanga sakafuni kwenye korido. Nilipoingia mlangoni jani la mgomba lilikuwa limefunguka mbele ya miguu yake. Kaka naye ndiyo kwanza amefika, mikono ina oili mpaka kwenye viwiko.

"Rangi ya nani hii?" mama aliuliza.

"Yangu. Lakini mama, mimi sijaweka..."

"Toka."

"Mama, nisikilize."

"Nilikusikiliza mwaka mzima! Nilikusikiliza maharage yangu yakiwa mabichi! Toka!"

Godoro lake likatoka kabla yake. Mama aliliburuta mwenyewe, kanga imemtoka kichwani, wapangaji wamejaa milangoni kama wanasubiri kupigwa picha.

"Mie nilisema," akasema yule wa zambarau, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Na huyu mdogo wake kaonekana kule kwenye magereji, anamchukulia."

Korido nzima ikanigeukia.

"Kweli?" mama aliniuliza. "Alikutuma?"

Nikaangalia ndala zangu. Kamba ya kushoto ilikuwa imeshikizwa kwa pini. Niliiangalia pini ile kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangalia kitabu chochote, na nilipoinua macho kila mtu alikuwa ameshajijibu. Kaka aliniangalia kidogo. Akabeba godoro kichwani, akaondoka.

Siku iliyofuata nilikwenda shule nikaondoa kila kitu kwenye kabati, nikafungua mlango wa katikati. Panya mmoja, yule niliyempa maji matupu, alizunguka, akanusa huku, akanusa kule, akajilalia popote. Mwingine alikwenda moja kwa moja chumba cha mirungi. Hakukuwa na kitu mle. Alikaa kwenye kona ile ile niliyokuwa namwekea majani, pua imeelekea juu, anangoja. Nikagonga kioo. Nikampigia kelele. Nikamtukana tusi la watu wazima. Hakusogea.

"Safi sana," mwalimu akasema nyuma yangu. "Ulimpa kahawa kiasi gani?"

"Kidogo tu, mwalimu."

Wenzangu wakapiga makofi. Mimi akilini nilikuwa namuona kaka akipita kwenye korido yetu, jioni baada ya jioni, na lile jani la mgomba liko humo ndani, limefungwa rangi yake.

Jumamosi asubuhi nilimkuta kwenye gereji anakofanyia kazi. Analala ndani ya bodi la basi bovu lisilo na viti. Godoro lake lilikuwa pale ambapo dereva angekaa.

"Shikamoo," nikasema. Maishani mwangu sikuwahi kumwamkia.

"Umefuata nini, mdudu?"

"Ile mirungi ilikuwa yangu. Ya panya."

"Ya nani?"

"Ya panya. Wa shule. Tunaangalia ubongo wao."

Alicheka kicheko kibaya, kifupi, halafu spana ikapita karibu na sikio langu na kugonga bati la basi. Gereji yote ikageuka.

"Niliiona Jumatatu ile ile," akasema. Alikuwa anaongea taratibu, na hilo lilinitisha kuliko spana. "Nimefungua kuchukua maji, naona jani, naona rangi yangu juu yake. Unajua nilidhani nini? Nilidhani mama ananipima. Nikasema sawa, nipime. Kila nikifungua mate yananijaa mdomoni. Nachukua maji, nafunga, nakwenda kukaa nje kwenye ngazi mpaka hamu ipungue. Siku nne, wewe mdudu. Siku nne sikugusa hata jani moja. Wewe ulikuwa unachomoa asubuhi?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikiona limepungua nikadhani naanza kuchanganyikiwa."

"Rudi nyumbani, kaka."

"Nirudi kwa kuitwa na wewe? Mlishanihukumu nyote, na majirani mkawakaribisha. Yule jamaa wa majani keshapita hapa mara mbili. Anasema dogo alikuja kukuchukulia, kumbe umetumisi. Anasema la kwanza ni bure." Akaokota spana nyingine, kubwa zaidi. "Leo nimemfukuza. Kesho sijui. Ondoka."

Niliondoka. Njiani nilijaribu kutunga utani wa kumwambia mama, maana hivyo ndivyo ninavyotoka kwenye kesi zangu zote. Nilifika nyumbani sina hata mmoja.

Mama alikuwa kwenye kigoda, anamimina ubuyu kwenye vifuko vya barafu na kuvifunga. Nilisimama mbele yake nikasema yote: kitambaa, jamaa wa gereji, soksi, panya, pini ya ndala. Aliendelea kufunga vifuko. Nilidhani atanirushia jagi, nikajiweka sawa. Hakurusha. Nilipofika kwenye kupimwa, kwenye zile siku nne na ngazi, mikono yake ikasimama, na ubuyu ukaendelea kumwagika sakafuni, mwekundu, mpaka jagi likaisha.

Akainuka, akaingia chumbani. Nikasikia kitambaa kinachanika. Alitoka na utepe aliouchana kwenye kanga yake ya Idi, ile mpya, ambayo sisi haturuhusiwi hata kuikalia karibu. Mkono mwingine ulikuwa na kile cha buluu. Akanitupia kile cha buluu kifuani, kile cha kanga akanishikisha mkononi, akakunja vidole vyangu juu yake kwa nguvu mpaka vikauma.

"Cha buluu chukua wewe, umeshakichafua. Hiki mpelekee kaka yako. Mwambie mama hakumpima, mama alikosea. Akikurushia spana simama hapo hapo, usikwepe. Na usirudi kwangu bila yeye."