Neno Moja Lililombakia Kaka

Shemeji yangu, mkubwa wa marehemu mume wangu, aliitwa Kaka na kila mtu. Mdogo wake ndiye aliyeanza kumwita hivyo alipokuwa anajifunza kusema, mama yao akafuata, na mtaa ukafuata. Hata meneja wa kiwanda cha uchapaji walikofanya kazi wote wawili, mzee mwenye wajukuu, alimwita Kaka. Nilipoolewa nilijitahidi kumwita shemeji, kama nilivyofunzwa nyumbani kwetu. Alinicheka.

"Shemeji, utachoka peke yako. Hata paka wa jirani ananijua kwa jina hilo."

Kazi yake ilikuwa kusoma. Kitabu kilipokwisha kupangwa herufi, kabla ya kuchapwa, ilitolewa karatasi ya majaribio waliyoiita prufu. Katika chumba cha wasomaji kulikuwa na meza ndefu chini ya dirisha, na wawili walikaa wakitazamana. Mmoja alishika mswada na kuusoma kwa sauti, pamoja na kila nukta na kila mkato. Mwenzake aliifuata prufu kwa ncha ya penseli. Huyu wa pili hakuruhusiwa kusema, asije akamkatiza msomaji. Aligonga meza kwa kifundo cha kidole. Mara moja, maana yake sawa, endelea. Mara mbili, si sawa, rudia. Kaka alisoma na mume wangu aligonga. Walizoea hivyo hata nyumbani kwangu, mmoja akisimulia jambo mezani, mwingine aligonga mara mbili akisikia chumvi imezidi.

Kazi yao kubwa ilikuwa kamusi. Profesa aliyeitunga alikuja kiwandani mara kwa mara, na siku waliyofika kwenye K, Kaka alisoma jina lake mwenyewe na kukuta limeandikwa mara tatu, kila moja na namba yake. La kwanza ndugu mkubwa wa kiume. La pili ganda la yai lililobaki tupu. La tatu uvimbe unaotunga chini ya ukucha.

"Profesa, mimi ni yupi hapa?" akauliza.

"Mtazame mdogo wako akija kukopa sukari, utajua," akajibu profesa. Kisha akaeleza kwa makini kwamba maneno yale hayana undugu. Kila moja lilikuja kwa njia yake, yakakutana kwa sura tu, kama abiria watatu waliovaa shati la kitambaa kimoja.

Tangu siku hiyo akawa anawauliza wageni. Fundi Mswidi aliyekuja kufunga mashine mpya alipotambulishwa kwake alicheka hadi akashika tumbo: kwao kaka ni keki. Mfanyabiashara Mhausa aliyekuja kuagiza kalenda aliinama kwa heshima, kwa kuwa kwao ni babu. Mwenye duka la vitambaa, Mgujarati, alisema kwao ni baba mdogo. Fundi wa umeme, Mpunjabi, akasema kwao ni mtoto wa kiume angali mdogo. Profesa alimwambia kwamba katika Kisanskriti ni kunguru, na kwa Wamaori ni aina ya kasuku. Mtawa Mhispania aliyekuwa muuguzi hospitalini alificha uso kwa kitambaa na kukataa kabisa kujibu. Ilibidi Kaka akaulize kwingine, akarudi ameshika mbavu.

"Shemeji, kwao ni kile kinachofanya watoto wafungwe nepi!"

"Mbele ya chakula?" nikamkemea. Mume wangu akagonga meza mara moja: sawa, endelea.

Sasa nifike panaposemwa. Nasikia bado wapo watu mtaani wanaosema kwamba Kaka aliondolewa chumba cha wasomaji kwa ulevi. Katika ukoo tuliooana nao hakuna mlevi. Maneno hayo nimeyavumilia vya kutosha.

Siku niliyokuwa hospitalini kujifungua mtoto wetu wa kwanza, mume wangu alikuwa kazini. Kiwanda kilikuwa na haraka na hakuna aliyepewa ruhusa. Karatasi moja ya kamusi ilipita na safu nzima ya maneno haimo. Ilichapwa, ikakunjwa, ikashonwa pamoja na nyingine, na kosa likagunduliwa vitabu vikiwa tayari. Vyote vikakatwa na kutupwa. Meneja akawaita wale wawili. Kosa la namna ile lina mlango mmoja kati ya miwili: ama msomaji ameruka mistari, ama anayefuata amegonga bila kutazama.

Kaka alisema, "Niliruka. Macho yangu yalikuwa mazito." Mdogo wake hajafungua kinywa, Kaka akamgeukia: "Wewe nenda nyumbani ukamwone mwanao."

Kaka akapelekwa ghala la karatasi, kuhesabu mabunda na kufukuza panya. Mume wangu akabaki na baada ya muda akawa mkuu wa wasomaji. Mimi nilijua tu kwamba Kaka alikosea, na kwamba tangu hapo kila alipokuja kwetu mume wangu alipata shughuli nje. Wakikaa pamoja, hakugonga tena meza. Kaka aliendelea kuleta vitu vidogo kwa mtoto, akikaa barazani na kumfundisha majina ya ndege, huku vumbi la karatasi likiwa bado kwenye nyusi zake. Hakuoa. Sauti ile iliyosoma kamusi ikawa inatumika kuita wabeba mizigo.

Kiharusi kilimpata ghalani. Upande wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na maneno yote yakaondoka nao isipokuwa moja. Daktari alituambia hutokea hivyo: mtu hubakiwa na neno moja, nalo humtoka atake asitake. Kaka alibakiwa na "kaka."

Tulimleta nyumbani, chumba cha mbele, penye dirisha. Nilijifunza kumsikiliza. Kaka fupi ilikuwa maji. Kaka ya kuvuta ilikuwa maumivu. Kaka ya sauti ya juu, akimtazama mwanangu ambaye sasa alikuwa kijana wa shule, ilikuwa furaha, na pengine ilikuwa jina la ndege. Alipokataa chakula alisema kaka. Aliponishukuru alisema kaka. Akijisikia akisema hivyo tena, wakati moyoni alikuwa na neno lingine, machozi yalimtoka kwenye jicho moja.

Jirani yetu mmoja alikuja kumjulia hali, akasimama mlangoni, akasema bila kushusha sauti, "Masikini, kasoma kamusi nzima kabakiwa na neno moja. Akili imekwenda."

"Akili yake iko palepale," nikamwambia. "Na mlango uko nyuma yako, dada yangu."

Lakini nami sikuwa na hakika. Aliyenihakikishia ni mume wangu. Alasiri moja, kwa kukosa la kufanya, alichukua kamusi rafuni, akakaa upande wa mkono mzima wa kaka yake, akaanza kumsomea kama walivyosoma zamani, na nukta na mikato. Kwa uchovu akaruka mstari. Kaka hakuwa na kitabu mbele yake. Mkono wa kushoto ukagonga ubao wa kitanda, mara mbili.

Mume wangu akautafuta mstari kwa kidole. Akarudia, sawasawa safari hii. Ubao ukagongwa mara moja.

"Mama watoto," akaniita kwa sauti iliyokatika, "yumo. Yote yamo humo ndani."

Tangu hapo kila alasiri walisoma. Nyumba ikawa na sauti ile ya kifundo cha kidole ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipotoka kujifungua. Lakini mwili wa Kaka ulikuwa unapungua, na mume wangu alikuwa na haja iliyomkosesha usingizi: alitaka kusamehewa kabla kaka yake hajaondoka. Mimi sikujua cha kusamehewa, hadi siku moja nilipokuwa nakunja nguo pembeni mwa chumba.

Mume wangu alifunga kamusi, kidole kikiwa ndani, akaendelea kwa sauti ileile ya kusomea.

"Siku ile mtoto alipozaliwa, mkato, Kaka alisoma kila mstari, nukta. Niligonga bila kutazama, nukta. Kosa lilikuwa langu, nukta."

Nguo iliniponyoka mikononi. Kaka alikuwa anamtazama. Mkono ukagonga mara mbili.

Mume wangu akadhani hakusikika. Akarudia, polepole. Mara mbili tena.

"Kaka, ni kweli. Unajua ni kweli. Niambie umenisamehe, nitosheke."

"Kaka," akasema mgonjwa. Neno lile lile la maji na la maumivu. Akagonga mara mbili, kwa nguvu, kifundo kikachubuka.

"Unataka nisome nini basi?" Mume wangu alikuwa analia kama mtoto. Kisha akajaribu, kwa sauti ndogo, maneno aliyoyasema kaka yake siku ile mbele ya meneja. "Kaka aliruka mistari, nukta. Macho yake yalikuwa mazito, nukta."

Mkono ukagonga mara moja.

Halafu Kaka akafumba macho, kama mtu aliyemaliza ukurasa.

Alifariki kabla ya wiki hiyo kwisha, asubuhi, nikiwa nafungua dirisha. Mume wangu hakupata alichokitafuta. Mtu aliyekataa kwamba amekosewa hawezi kukusamehe. Na kaka yake alikataa hadi mwisho, kwa mkono mmoja uliobaki. Mume wangu alinikataza kulisema jambo hili, nami nikatii kwa uhai wake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtungi sasa umevunjika. Jina jema la nyumba yetu halihitaji kusimama juu ya mgongo wa marehemu mmoja ili mwingine apendeze. Kaka alisoma kila mstari. Mume wangu alikuwa mtu mwema aliyekuwa na mke hospitalini.

Baada ya kumzika kaka yake, mume wangu aliacha kazi mapema. Sokoni, wauzaji walipomwita kama wanavyomwita mwanamume yeyote, "Kaka, karibu, tazama bidhaa," alisimama.

"Si mimi," aliwaambia. "Mwenyewe tumeshamzika."

Nao walicheka, wakidhani ni utani wa mzee.