Sahani Iliyovunjika Yenyewe

Sahani ya Hajati niliivunja mimi. Niliizungushia gunia, nikaiweka kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na kuipiga nyundo mara moja. Kisha kwa miaka mitatu nikasema imevunjika.

Tofauti ya vitenzi hivyo viwili naijua vizuri. Nilisomea isimu chuo kikuu, na kauli ya kutendeka ilikuwa mada niliyoipenda. Ni kauli iliyotengenezwa kwa ajili ya waongo. Ufunguo umepotea, maziwa yamemwagika, sahani imevunjika. Aliyetenda ameshaondoka zake.

Nilikuwa nimeacha kazi ya ofisini, nikageuza gereji ya nyumba yangu ya Luzira kuwa karakana. Kila Jumamosi wanawake sita au saba walikuja kujifunza kutengeneza picha kwa vipande vya vyombo na vigae. Tulikaa bustanini, na kwenye ukuta wa mpaka nilikuwa natengeneza ziwa. Ziwa lilikataa. Vigae vya dukani ni vya bafuni, na ziwa langu likafanana na bafu. Nilibandika, nikabandua, nikabandika tena. Sikuweza kukaa kitako hata kumaliza kikombe cha chai.

Ndipo ikaja Idi. Hajati, jirani yangu, mjane wa polisi, akaniletea pilau kwenye sahani yenye ukingo wa buluu ileile niliyokuwa naitafuta.

Sahani hizo zilibaki mbili. Wakati wa vita vya themanini na sita alizificha kule kambi ya polisi ya Naguru, zimeviringishwa ndani ya koti la kazi la mumewe. Hayo alinisimulia mwenyewe, kwa hiyo siwezi kudai sikujua. Tena kati ya nyumba zetu sahani hairudi tupu: pilau yake huja, mapapai yangu huenda.

Safari hii nilikwenda getini kwake mikono mitupu.

"Hajati, ile sahani imevunjika."

"Nani alivunja?"

"Imeanguka tu, ikavunjika."

"Mwalimu, Kiswahili yangu mimi ni ya kambini. Hiyo vunjika-vunjika sijui. Nauliza nani."

Nikasema nina chungu jikoni.

Idi iliyofuata pilau ilikuja kwenye kavera, mfuko wa plastiki ambao hakuna anayetarajia urudishwe. Nikampelekea mapapai kwenye sahani yangu mwenyewe. Ilirudi siku hiyohiyo, imeoshwa, tupu. Kila Idi baada ya hapo, kavera tena.

Na mimi nikawa naendelea kufundisha. "Hapa hatuvunji kitu," niliwaambia wanafunzi wangu. "Tunaokota kilichokwisha kuvunjika." Mmoja aliyaandika kwenye daftari. Ziwa lilikuwa limependeza, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu. Niligeuza viti ili tulipe ziwa mgongo. Nikapanda maua marefu mbele yake, yakachipua, nikayang'oa.

Kisha Jumamosi moja Hajati akaingia getini na aproni yake. "Nimekuja kusoma," alisema. Akageuza kiti chake kuelekea ukutani, akakata vigae asubuhi nzima bila kuniuliza lolote. Wakati wa kuondoka aliweka kidole gumba juu ya kipande cha buluu.

"Maji mazuri. Hii maji ilianguka yenyewe?"

Wanafunzi wakacheka. Mimi nilicheka kuwazidi wote.

Jumapili nilitembea kati ya gereji na geti mpaka mbwa akachoka kunifuata. Mara nne nilishika simu, mara nne nikaiweka. Jumatatu nilikuwa nakoroga saruji simu ilipolia yenyewe.

"Mwalimu, ile sahani ingine nimevunja."

"Imevunjika, Hajati?"

"Nimevunja. Mimi. Na nyundo. Ilikuwa inakaa peke yake kabatini kama mjane. Na ziwa yako, pale kona ya chini, buluu iliisha. Niliona. Kuja chukua."

Niliuacha mwiko ndooni.

"Lakini usikuje mikono mitupu," aliendelea. "Kuja na jibu. Ile ya kwanza, nani alivunja?"

Saruji ilikuwa inaanza kuganda ndooni.

"Niliivunja mimi, Hajati."

"Eh," alisema. "Sasa hiyo Kiswahili nasikia."