Gia ya Tano ya Mwalimu Klachi

Kwa miaka thelathini na moja Mwalimu Klachi alifundisha watu kuendesha gari, na jina hilo alibandikwa na wanafunzi wake, maana kila aliyeketi kwenye usukani kwa mara ya kwanza, mwalimu alimwambia maneno yale yale: "Klachi taratibu, haijakukosea kitu." Tangu asubuhi mpaka saa kumi alasiri alikaa kiti cha abiria cha gari la shule, mguu juu ya ile breki ya ziada ya mwalimu, akirushwa mbele na nyuma kama gunia la mkaa. Gia zililia. Gari lilizimika katikati ya njia panda, honi zikawashambulia kila upande, naye hakuwahi kumpandishia mwanafunzi sauti.

Labda ndiyo sababu gari lake mwenyewe hakuruhusu liguswe na mtu ila fundi wake. Alilinunua jipya, akiwa na miaka thelathini na mitano, la rangi ya samawati na milango minne. Alilitunza kama mboni ya jicho lake, kwenye banda nyuma ya nyumba, chini ya mashuka mawili aliyoyaunganisha kwa cherehani. Jumapili asubuhi alilitoa, akazunguka mtaa mara moja ili injini ipate moto, akalirudisha na kulifuta vumbi. Lilipata kwenda harusi nne, misiba michache na kliniki ya macho. Miaka ishirini na minne ikapita hivyo, mita ikisoma kilomita elfu kumi na tisa na ushei. Viti vya nyuma bado vilikuwa na nailoni ya kiwandani.

Alikuwa akiishi na dada yake mkubwa tangu wote wawili wafiwe na waume zao. Dada mtu alikuwa msimamizi mstaafu wa chumba cha kufulia cha hospitali, na mambo aliyataka yanyooke kama mashuka yaliyopigwa pasi.

"Hilo si gari," alizoea kusema. "Hilo ni mgonjwa aliyelazwa. Kila Jumapili unakwenda kulijulia hali."

Mwaka ule Mwalimu Klachi alikuwa amebakiza miezi mitatu kustaafu. Jumatatu moja simu ikalia wakinywa chai. Alikuwa bwana mmoja mkusanyaji wa magari ya zamani. Fundi aliyelihudumia gari lile alikuwa amemwonyesha picha zake, naye akataka kuja Jumamosi kuliona kwa macho yake.

Dada mtu alisikia kila neno, maana simu ile ilikuwa na sauti ya kipaza. Hakungoja chai ipoe. Alitwaa kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akachora nyuma yake vyumba viwili vya kupangisha pale pale lilipokuwa banda.

"Huku mlango, huku dirisha," alisema, penseli ikikimbia. "Tutakula kodi tumekaa barazani, mdogo wangu."

Mwalimu Klachi alicheka, lakini wiki nzima hakutulia. Saa nyingine alijiona anaagana na gari lake. Saa nyingine aliwaza kwamba kuna mtu mahali fulani analitamani usiku na mchana, akavimba kichwa kwa fahari. Ijumaa alilisugua kwa nta mpaka paka wa jirani akajiona kwenye mlango na kupandisha mgongo.

Yule bwana alifika kwa wakati. Alivua koti, akatandaza gazeti chini, akaingia uvunguni mwa gari na kurunzi ndogo. Alikaa huko muda mrefu mpaka wale ndugu wawili wakaanza kutazamana. Alipotoka, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mama, hili gari miaka yote hii lilikuwa limelala?"

"Lilikuwa limepumzika," alijibu Mwalimu Klachi.

Bwana akataja bei. Dada mtu akatafuta kiti.

Lakini Mwalimu Klachi alikuwa na jambo alilotaka kulijua. "Ukishalinunua, utalipeleka wapi?"

"Kwenye ukumbi wangu. Ninayo kumi na moja mengine. Ninayatoa betri, ninamwaga mafuta, ninayapandisha juu ya magogo. Watu wanakuja kuyatazama."

"Na nani ataliendesha?"

"Hakuna," alisema yule bwana kwa upole. "Hizo kilomita chache ndizo ninazozinunua, Mama. Kila moja utakayoongeza inalishusha thamani."

Mwalimu Klachi aliona kwamba mtu huyu hakuwa mbaya hata kidogo. Alichokieleza ni kile kile alichokuwa akikifanya yeye tangu ujana, isipokuwa magogo. Akachukua funguo mfukoni.

"Ingieni," alisema. "Siuzi gari nisilolijua mwendo wake."

Bwana alijaribu kukataa, lakini mwanamke aliyewafundisha wanafunzi maelfu hakataliwi kirahisi. Bwana akakaa mbele. Dada mtu akaketi nyuma juu ya nailoni, na kila kona akateleza kutoka dirisha hili hadi lile, akilalamika. Walipita mtaani, wakapita soko, wakafika kwenye ule mzunguko wa barabara ambapo aligeuzia Jumapili zote. Safari hii hakugeuza. Alishika barabara kuu itokayo mjini, pana, imenyooka, magari machache.

Gia ya pili, ya tatu, ya nne. Injini ikaanza kupiga kelele.

"Mbona huweki ya tano?" aliuliza yule bwana.

"Sijawahi kuiweka."

"Tangu lini?"

"Tangu nilinunue. Mtaani kwetu haina pa kuwekwa."

Bwana akamgeukia, asijue acheke au asikitike. Mwalimu Klachi alikanyaga klachi, akasukuma mkono wa gia, nao ukaingia pasipo kukwaruza hata kidogo. Kelele zikashuka. Gari likatulia, likaanza kwenda kama linalojua liendako, upepo ukavuma dirishani na miti ya kando ikarudi nyuma upesi. Mwalimu Klachi alikuwa na miaka hamsini na tisa na alikuwa akitabasamu peke yake kama msichana aliyepokea barua.

"Punguza mwendo," dada mtu alisema nyuma. Baada ya kitambo akasogea katikati ya viti. "Lakini hilo lori mbele linatuziba. Hebu lipite, mdogo wangu."

Akalipita. Yule bwana, mkono mmoja kwenye dashibodi, alicheka mpaka akatoa leso.

Walirudi mchana, wameongeza kilomita tisini. Bwana akasema bei yake ni ile ile, na angengoja jibu mpaka Ijumaa.

Siku zile kalenda yenye vyumba ilibaki mezani. Jumatano, dada mtu, akimenya viazi, aliuliza bila kuinua macho: "Kule kwa mdogo wetu ni kilomita ngapi?"

Mdogo wao wa mwisho alikuwa muoka mikate katika mji wa milimani, safari ya siku mbili. Hawakuwa wamemwona kwa miaka sita, maana goti la dada mtu lilishindwa kukunjwa kwenye basi.

"Elfu moja na mia moja hivi," Mwalimu Klachi alijibu. "Kwenda tu."

"Nyuma pale goti linanyooka vizuri," dada mtu alisema. "Ila ile nailoni itoke."

Ijumaa Mwalimu Klachi alimpigia yule bwana kumwambia kwamba hauzi, wanasafiri nalo. Bwana hakushangaa. "Nilijua nimelikosa pale kwenye lori," alisema, akamtakia safari njema.

Vyumba havikujengwa, na hata baada ya kustaafu Mwalimu Klachi alibaki na wanafunzi wa asubuhi mbili kwa wiki, ili mkono uende kinywani. Lakini kwanza walisafiri. Siku ya kwanza jiwe liliruka kutoka tairi la gari la mbele likachubua boneti. Alisimama kando, akaupapasa mchubuko ule mdogo kama punje ya mchele, akangoja uchungu umpande. Haukupanda. Akarudi kwenye usukani.

Walifika jioni ya pili, gari limegeuka rangi kwa vumbi. Mdogo wao alitoka dukani mikono imejaa unga, akasimama mlangoni akilitazama lile gari, kisha dada zake, kisha gari tena.

"Mmekuja na hilo?" aliuliza. "Mmelitoa bandani?"

Akawakumbatia wote wawili pamoja, unga ukawajaa migongoni. Walikaa naye siku nne. Asubuhi ya kuondoka, dada mtu alikuwa amekwisha kuketi, goti limenyooka na ramani mapajani, akimwonyesha Mwalimu Klachi njia nyingine ya kurudia, ndefu zaidi, inayozunguka ziwa.