Chembe za Juu na Mvua ya Uani Kwetu

Nilianza kumwonea wivu mdogo wangu wa kike kabla hajafungua begi. Baba alimchinjia mbuzi. Mimi ninayeishi na baba hapa Bariadi, niliyelima naye pamba tangu nimalize shule, sikumbuki kuchinjiwa hata kuku. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Nilikula, lakini sikupona.

Mdogo wangu anasomea hewa ya juu kabisa, huko chuoni ng'ambo. Mimi napima mvua. Kipimo cha idara ya kilimo kimesimama uani kwetu, na kila siku saa tatu asubuhi nakisoma na kuandika daftarini. Kwa sababu hiyo, kila msimu baba huniuliza tuanze lini kupanda pamba. Swali hilo ndilo cheo changu pekee pale nyumbani.

Baada ya kula, baba alimwambia atueleze kazi yake. Alieleza vizuri, na hilo liliniuma zaidi. Alisema mawingu ya radi ya nchi za joto kama yetu husukuma hewa juu, hadi zinakopita ndege kubwa. Njiani mvua huiosha vumbi. Inafika safi, kwenye baridi kali, ikiwa na gesi zilizotoka misituni na baharini. Gesi hizo hazipati vumbi la kunatia, basi zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na hapo huzaliwa chembe mpya. Chembe hizo zinakua, zinashuka polepole, na mwishowe matone ya mawingu hujijenga juu yake.

"Na vumbi la zamani likiwepo?" nikauliza.

"Linazinyonya gesi zote, kaka. Chembe mpya hazizaliwi."

Nilijua anasema habari za hewa. Hata hivyo nilijiona mimi ndiye vumbi lile, nimekaa hapa chini miaka yote, na bado sijanyonya chochote kwa baba.

"Sasa, mayu," baba akamwambia, kwa jina analomwitia binti yake akifurahi, "mbegu tuiweke lini?"

"Bhaba, hilo silijui. Muulize kaka."

"Huyu? Huyu namuuliza kwa kuwa wewe hupo."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatafuna mfupa.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi niliwahi kwenye kipimo, nimekusudia kusoma na kumwaga maji kabla mdogo wangu hajayaona. Nikamkuta amesimama pale.

"Sijagusa," akasema. "Nilikuwa nakusubiri usome."

Niliona aibu, na wivu haukupungua hata kidogo. Nikamimina maji kwenye chupa ya kupimia: milimita thelathini na mbili. Baba akasogea.

"Inatosha," nikamwambia. "Tupande leo."

Baba akamgeukia mdogo wangu. Alipoitikia kwa kichwa, baba akaenda kuchukua mbegu.