Siku tuliamusha mashine ya mchezo mu depo ya kahawa

Mbele ya yote niseme nani alikuwa pale, juu bengi bamekwenda na sipende majina yabo ipotee. Kulikuwa Papa Mbusa, baba yangu, mwenye alikuwa anauzisha kahawa hapa Butembo. Mama Kanyere, mama yangu. Mujomba Kakule, mudogo ya mama, mwenye kutengeneza baradio ku soko. Papa Ramazani, jirani yetu Muislamu, loria yake njo ilituletea mashine toka Beni. Paluku, kaka yangu mukubwa. Na miye Masika, nilikuwa na myaka kumi na moja. Sokulu Zakaria, baba ya papa, shemasi ya kanisa, yeye alikuja nyuma. Kuchelewa kwake kulitaka kutuletea kilio mu nyumba.

Enzi zetu, weye mwenye tulikomaa pamoja unajua, mutoto wa Butembo alikuwa anachezea vitu vya kuokota. Mupira ya maganda ya ndizi, motokari ya waya, kamba ya kuruka mpaka vumbi inaingia mu meno. Asubui baridi inauma vidole, unakwenda ku masomo na kiazi ya moto mu mufuko, hauikule, unaishika tu juu ya joto, na unaikula ukifika ku mulango ya darasa. Miye nilifika darasa ya tatu, kisha nikabakia kusaidia Mama. Nyumba yote ilikuwa inanuka kahawa, hata nguo za kanisa.

Njo mu hiyo nyumba Papa alileta ile kitu. Muzungu moja mwenye shamba kando ya Beni alikuwa anarudia kwabo, akauzisha kila kitu, na Papa akanunua kabati moja refu kupita mutu. Mu kifua yake kioo sawa televisheni, chini vifungo vya rangi na kafimbo ka kushika. Mashine ya mchezo. Papa aliota kuiweka kando ya duka, bantu bakuje kucheza. Lakini groupe yetu, ile moteri ya kutoa courant, umeme, ilikuwa imekufa. Mashine ikalala mu depo kati ya mifuko ya kahawa myaka tatu. Miye na Paluku tulikuwa tunaingiaka kufinya vifungo vyenye havijibu, na tunafanya makelele ya mchezo na midomo yetu.

Groupe ilipopona, Paluku akakimbia na waya mu mukono, anataka kuchomeka palepale. Mujomba Kakule akamushika ku shingo.

"Weye, unapenda tukule bugali ya kilio yako leo?"

"Lakini Mujomba, si ni kuchomeka tu?"

"Kitu yenye imelala myaka tatu, unaanza kwa kuiogopa. Hata mutu mwenye amelala hapana kumumwangia maji."

Mujomba alijua kile alikuwa anasema. Vidole viwili vya mukono yake ya kushoto havikuwa vinakunjika, televisheni ya mission ilimurusha mpaka ku ukuta. Akafungua kabati nyuma. Mulitoka vumbi, na nyumba ya panya yenye kujaa mbegu za kahawa yetu. Papa akasema, "Kumbe mwizi ni huyu!" Tukacheka, lakini Mujomba hakucheka. Akapuliza vumbi na pompi ya kinga, ile baiskeli yake. Akatazama vipande moja moja, kama kuna yenye imevimba sawa mukebe ya samaki yenye kuoza. Akafunga waya ku tournevis, ile bisibisi yake, mwisho ingine ya waya ku chuma ya mashine, akaingiza tournevis chini ya kile kifuniko ya kauchu, ya mupira, ku mugongo ya kioo, juu kioo inaweza kuficha courant hata kama hakuna kitu imechomekwa. Mukono moja ndani, mukono ingine mu mufuko ya suruali. "Mukono mbili," akasema, "courant inapitia mu moyo."

Kisha akaweka ampule, taa ya kioo ya nyumba, mu njia ya courant, kati ya groupe na mashine. Akatufasiria: ampule ikiwaka sana na kubakia vile, ndani kuna kitu imekufa, tuzime mbio. Ikiwaka na kupunguka, mashine inakunywa pole pole, ni muzuri. Tena akasema ile transfo ya kutenga chuma ya ndani na courant ilibakia Beni, kwa hiyo hiyo chuma tuihesabie sawa nyoka. Akachora laini na shoki chini. "Hapa, mutu hapana kuvuka."

Kazi yangu ilikuwa ku ukuta: kushika kisu ya courant, ile ya zamani yenye unashusha na mukono, inakata. Mujomba akasema, "Masika, weye macho ku ampule. Nikisema kata, ukate. Hata nisiposema, ukiona mubaya, ukate."

Papa Ramazani akaenda inje kulinda groupe. Nikapandisha kisu. Ampule ikawaka yote, Mama akaita Yesu, kisha mwangaza ukashuka, ukabakia mwekundu sawa makala yenye kufunikwa. Mujomba akapumua. "Tuiache robo saa, damu irudie mu mishipa."

Njo mu ile robo saa Sokulu Zakaria akaingia. Mvua ilikuwa imemunyeshea, kofia mu mukono, maji inatoka ku viatu vyake.

"Mumeanza?"

Papa akasema, "Ndiyo, baba."

"Bila maombi?"

Mama akatazama chini, na haya. Kwetu hata shimo ya kahawa ilikuwa haichimbwe bila maombi. Mujomba akafungua kinywa, lakini yeye ni muko, shemeji, mu ile familia, na muko anakataje maneno ya muzee? Sokulu alikuwa amekwisha kusema, "Tufunge macho." Bote bakafunga. Na courant iko inapita.

Mama alikuwa anatuambiaka, "Mwenye kufungua macho mu maombi, jicho litakauka." Nikafunga. Lakini nikaona ile ampule mu kichwa yangu, na kazi yenye nilipewa. Nikafungua jicho moja.

Ampule ilikuwa muzuri. Ni Sokulu mwenye alikuwa mu hatari. Yeye alikuwa anaombeaka kitu kwa kuiweka mukono juu: mbegu, ng'ombe mugonjwa, hata loria ya Papa Ramazani. Alikuwa anatembea na macho ya kufunga, anasema, "Bwana, tunaweka hii kazi mbele yako," na kiatu yake ya maji ikavuka shoki. Mukono wake wa kuume ukapanda, ukaenda upande wa mugongo ya mashine, kwenye chuma ilikuwa wazi.

Bandugu, kupaza sauti mu maombi ya shemasi, miye mutoto mwanamuke! Kati ya vidole vyake na chuma kulibakia fasi ya kupitisha yai. Nikashusha kisu.

Paa! Ampule ikazimika. Mukono wa Sokulu ukalala ku chuma, na ile chuma haikumufanya kitu.

"Amina haijafika," akasema. "Nani amezima?"

"Ni miye, Sokulu."

"Ulifungua macho?"

"Ndiyo, Sokulu."

"Masika!" Mama akasema, na sauti ya fimbo.

Mujomba akavuta Sokulu nyuma ya shoki pole pole, akaniambia nipandishe. Akagusisha ku chuma tournevis yake ingine, yenye taa ndogo mu mupini ya kuonyesha courant. Taa ikawaka nyekundu. Papa akakaa chini ku mufuko ya kahawa.

Sokulu akatazama taa, akatazama mukono yake, mbele na nyuma. Kisha akasema, "Haya. Tumalize maombi. Masika, weye hapana kufunga macho."

Kioo iliwaka mbele ya jioni: nukta moja, laini moja, kisha vinyota vingi vinashuka. Paluku alikufa mara tatu mu mchezo akaanza kulia. Ilidumu myaka mbili, kisha ikazimika kabisa na Mujomba hakupata vipande.

Leo batoto ya batoto yangu banachomeka simu nne ku waya moja, bananiambia miye bibi yabo, "Kukulu, unaogopa bure." Bako na akili kunishinda, nakubali. Mashine zabo zinawaka mbio, hazingojee robo saa. Lakini zamani, kitu ikiwashwa, kulikuwa mutu moja ku ukuta mwenye kazi yake ni kutazama. Sasa kila mutu anatazama kioo yake. Na miye, tangu ile siku, kanisani bote banainamisha kichwa, miye ninahesabu milango, ninatazama mikono ya bantu. Wakati ule niliogopa chuma moja tu. Leo, na vile inchi iko mu vita, ningependa kupata mutu wa kuniambia: funga macho, Masika, miye nitatazama.

Nimeandika mukono wa kuume. Paluku, mwenye ako Beni, anasema Sokulu alinyosha wa kushoto. Lakini yeye alikuwa amefunga macho. Kama kuna mwingine mwenye alisikiaka hii habari kwa benyewe, na nimekosea mukono ao jina ya mutu, aniambie ningali muzima.