Mke Wangu Alipoaga, Nikamwambia Asalimie

Mimi ni Yusufu, fundi cherehani wa mtaa wa Nyamirambo. Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa maneno mengi na chumvi nyingi. Presha nilikuwa nayo, dawa nilikuwa nazo pia, ila nilizimeza siku nilipozikumbuka.

Asubuhi moja nilikuwa nampima mteja kiuno, utepe ukanitoka mkononi. Nikainama kuuokota, sikuinuka tena. Mdomo ulikwenda upande na ulimi ukawa mzito kama kitambaa kilicholowa. Mke wangu Zaituni, anayeuza vitenge mlango wa pili, alisimamisha gari la kwanza lililopita, tukaenda hospitali.

Daktari alisema, "Ni kiharusi. Mshipa wa damu umeziba upande wa kulia wa ubongo. Kwa hiyo mwili umelegea upande wa kushoto."

Mimi sikukubali. Aliuinua mkono wangu wa kushoto akauliza ni wa nani. Nikautazama. "Ni wa shemeji," nikasema. "Mwambie auondoe, unanilemea."

Shemeji yangu, aliyesimama pale, akaangalia mikono yake yote miwili.

Upande wa kushoto wa dunia ulikuwa umenipotea. Nilinyoa ndevu za upande mmoja nikatoka barazani nikijiona nadhifu. Nilikula ndizi na maharage nusu sahani, nikalalamika kwamba napunjwa.

"Iko nusu ingine hapo, Baba Amina," Zaituni alisema, akaizungusha sahani. Chakula kikatokea. Nikamshukuru kwa kuniongezea.

Hayo tuliyacheka. Yaliyofuata nyumbani hayakuchekesha. Maneno nilikuwa nayasikia vizuri, lakini sauti za watu zote zilikuwa zimenyooka, hazipandi wala hazishuki, na nyuso hazikunieleza kitu. Zaituni akisema, "Sawa, kaa tu, mimi ni punda wa nyumba hii," namjibu, "Asante," naendelea kukaa. Alilia mbele yangu, nikamuuliza kama amepata mafua.

Siku moja alifunga begi lake. "Nakwenda kwa mama, ndiyo utafurahi."

"Msalimie," nikasema.

Akaenda kweli. Nilikaa nikisubiri chai. Amina, binti yetu, ndiye aliyenieleza kwamba nimeachwa.

Amina alitupeleka sote wawili kwa mtaalamu wa ushauri nasaha huko mtaa wa Niboye, mama mpole aitwaye Clarisse. Alimwambia Zaituni, "Ubongo una pande mbili, zinafanya kazi pamoja. Kwa watu wengi, wa kushoto unashika zaidi maneno. Wa kulia unasaidia sana kushika wimbo wa sauti na kusoma uso. Wake ndio umeumia. Anasikia neno, hasikii uchungu ulio ndani yake. Si kwamba hakupendi."

Zaituni akauliza, "Sasa nitamkasirikiaje?"

"Kwa maneno yenyewe. Jaribu."

Zaituni alinigeukia. "Yusufu, nimechoka. Na kila ukilala naogopa hutaamka. Sitaki kubaki bila wewe."

Tumeoana miaka mingi. Hayo sikuwahi kuyasikia, hata nilipokuwa na ubongo mzima. Nilimshika mkono kwa mkono wangu wa kulia, nikamwambia mimi pia naogopa. Alirudi nyumbani na begi lake.

Alhamdulillahi, kwa mazoezi mkono umerudi kuwa wangu, ingawa ni mvivu. Nashona tena. Koti la kwanza lilitoka na mfuko wa kulia peke yake; mteja alikuwa jirani, akalichukua hivyo hivyo. Nyuso nazisoma polepole, na nikishindwa nauliza, "Hapo umekasirika au unatania?" Zaituni hujibu wazi, mara nyingine wazi kupita nilivyotaka.

Namshukuru Mungu, madaktari, na huyu mwanamke. Ndugu zangu, mezeni dawa za presha kila siku. Mkiona mdomo wa mtu umekwenda upande au ulimi umekuwa mzito, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Na wewe mwenye mke au mume, mimi niliambiwa napendwa baada ya mshipa kuziba. Wewe uliza leo, mdomo ukiwa bado umenyooka.